Grisi ya Lango la Tatu

Gurudumu la lango la tatu huzungushwa mara mia moja na kumi na mbili
kabla bamba la chuma halijapanda lote.
Nazijua kwa bega, sizihesabu kwa vidole:
themanini za kwanza nyepesi,
ishirini za kati zinauma,
na zile kumi na mbili za mwisho
nilimwita Toktosun aje na bomba
tuurefushe mpini, tuning'inie wote wawili.

Huku ni kwetu Wakirgizi, theluji inakoyeyukia.
Kule bondeni, baada ya waya na kibanda cha mlinzi,
kuna vitunguu vya Orazbek, Mkazaki,
na watu wanaoamka saa kumi alfajiri
kutumbukiza kijiti mferejini
na kupima usiku kwa kucha ya kidole gumba.

Zamani ilikuwa nchi moja, daftari moja.
Waliomwaga zege hili hawakuulizana lango ni la nani.
Kisha tukaamka nchi mbili,
lango likabaki kwetu,
kiu ikabaki kwao,
na kutu, je?
Kutu haikuwa na mwenyewe.

Nikaandika barua.
Wizara yetu ikajibu: Anywaye ndiye alipe.
Wizara yao ikajibu: Mwenye lango ndiye apake.
Barua kumi na moja kwa debe moja la grisi!
Muhuri ulikuwa mbichi kila mara,
na gurudumu kavu.

Orazbek akapiga simu: “Burulkan, maji yamefika kifundoni tu.”
Nikamwambia: “Na bega langu limefika sikioni.”
Akanyamaza. Nilisikia punda wake akilia.
Jumamosi akavuka na chupa ya achari
iliyojaa grisi ya trekta lake.
Mlinzi akauliza ni nini. “Mafuta ya farasi, ya kifua.”
Mlinzi akachovya, akanusa,
akajipaka kidogo kwenye bawaba za kibanda,
akampigia muhuri.

Mwaka huo vitunguu viliokolewa na chupa moja.
Lakini chupa si mkataba.

Walikuja majira ya majani kudondoka, magari sita,
wakatandika ramani juu ya boneti na kuikandamiza kwa mawe ya mtoni.
Mkalimani alilipwa kunywa chai,
maana lugha zetu ni binamu, zinaelewana hata zikigombana.
Siku mbili waligombania neno moja: je, “kutunza”
ni pamoja na kupaka rangi?
Mhandisi wao, mama mmoja aitwaye Saltanat,
akavua koti, akashika mpini.
Alifika mara ya tisini na nne.
Aliporudi mezani mikono ilikuwa ikimtetemeka,
akaandika, mwandiko umepinda:
fungu la maji, fungu la gharama.
Achukuaye nusu, alipe nusu.
Wetu akasoma, akakuna shingo, akatia sahihi
kwa kalamu aliyoazimwa na wao.

Mapipa matatu yalifika Machi, yana lebo mbili mbili,
bendera juu ya bendera.
Mwezi wa tano wakaleta na mota.
Sasa nabonyeza kitufe cha kijani
na bamba linapanda lenyewe, likiguna kama mzee aliyeamshwa.
Toktosun amelifanya lile bomba nguzo ya banda la kuku.
Bega bado linaniamsha,
saa ile ile, halina habari.

Kwenye hesabu za mwaka nimeuona mstari huu:
grisi, kilo arobaini, kwa pamoja.
Nimeusoma mara tatu. Kwa pamoja.
Nikautia kidole, nikauacha na alama nyeusi ya mafuta.

Mita mia tatu juu yangu liko lango la nne.
Halimo kwenye mkataba; mtu aliruka ukurasa.
Jana nimelijaribu gurudumu lake: limekwama mara ya saba.

Nimekaa. Nimechonga penseli.
Barua ya kwanza.
Nakala kwa Orazbek, pamoja na chupa tupu.